Mashindano ya Pikipiki ya Masafa Marefu Kanda ya Kati: Ulinganisho wa Mifumo Mitano kwa Usalama na Haki

Kikundi cha waendesha pikipiki kinapokutana mjini Dodoma kupanga mashindano ya masafa marefu, mjadala wa kwanza huwa juu ya njia: tupite Manyoni au Kondoa, tulale Singida au Babati, tukamilishe kilomita ngapi. Ningeshauri maswali hayo yasubiri. Linalotangulia ni kujua kanuni zitamlipa nani, kwa sababu mshindani huendesha kwa namna anayolipwa: zikimlipa anayefika mapema atakimbia, zikimlipa asiyelala hatalala, na zikimlipa mwenye tangi kubwa na gari la mafundi nyuma yake, basi mwenye pikipiki ya kawaida ameshashindwa kabla ya bendera kushushwa. Ndiyo maana katika ulinganisho huu sikutenga usalama upande wake na haki upande wake. Mambo hayo mawili hutokana na kanuni ile ile, na mara nyingi kasoro inayomhatarisha mshindani mmoja ndiyo inayomdhulumu mwenzake.

Barabara zinazohusika ni zile zinazokutana Dodoma: ya mashariki kwenda Kibaigwa, Gairo na Morogoro, ya magharibi kwenda Bahi, Manyoni na Singida, ya kaskazini kwenda Kondoa na Babati, na ya kusini kwenda Mtera na Iringa. Zote zina lami, jambo linalotia watu tamaa ya mwendo, lakini hazifanani. Ile inayotoka Morogoro hadi Singida hubeba malori ya mizigo yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo, na soko la mahindi la Kibaigwa huongeza yake. Ile ya Kondoa ina magari machache zaidi, ila ina milima na kona nyingi kati ya Kolo na Bereko. Kote mifugo huvuka asubuhi ikienda malishoni na jioni ikirudi, vijiji vimejipanga kando ya lami, na kwenye makazi kuna vibao vya kilomita 50 kwa saa pamoja na matuta. Mfumo wowote wa mashindano lazima upimwe juu ya barabara hizo hizo, zikiwa wazi kwa kila mtu.

Mfumo wa kwanza: anayewahi kufika ndiye mshindi

Mfumo huu ndio rahisi kuutangaza, na ndio ambao vijana wengi huufikiria wanaposikia neno mashindano. Watu wanaondoka pamoja Dodoma, na wa kwanza kufika Singida au Iringa ndiye bingwa. Haumhitaji hakimu mwenye saa wala hesabu ya adhabu, na haugharimu karibu chochote kuuandaa.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu ndefu ya mashindano yaliyofanyika kwenye barabara zilizo wazi. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na ambayo katika miaka yake ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa ya magari na iliendeshwa katikati ya magari mengine na mifugo, washindani wakipewa adhabu kwa kuchelewa vituoni. Lakini barabara za wakati ule hazikuwa na semitrela zilizofuatana kuelekea mpakani, na hata magari hayo yalikuwa na bodi ya chuma ya kumkinga dereva. Mwendesha pikipiki kinga yake ni kofia ngumu na jaketi.

Upande wa haki nao hauna la kuutetea. Mwenye injini ya sentimita za ujazo 1,000 akishindana kwa kuwahi na mwenye 150, matokeo yanajulikana mapema, na hata washindani wakipangwa kwa madaraja ya injini, anayebaki akishinda ni yule aliyekuwa tayari kulipita lori kwenye mstari usiokatika. Sioni namna ya kuurekebisha mfumo huu ukafaa barabara ya wazi, kwa hiyo sitaurudia.

Mfumo wa pili: cheti cha kumaliza umbali ndani ya saa zilizowekwa

Hapa hakuna mshindi. Kila anayemaliza umbali uliotajwa kabla ya muda kwisha anapewa cheti, awe amemaliza kwa saa 18 au kwa saa 23. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni SaddleSore 1000 ya Iron Butt Association ya Marekani, inayomtaka mtu aendeshe maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Ushahidi ni risiti za mafuta zenye tarehe, saa na mahali, pamoja na mashahidi wa mwanzo na mwisho na usomaji wa kipima kilomita.

Kwa ushahidi, mfumo huu unaifaa Tanzania kuliko wengi wanavyodhani. Vituo vya mafuta vinatakiwa kutoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na risiti hiyo huonyesha tarehe na saa ya mauzo na ina nambari ambayo mtu yeyote anaweza kuihakiki kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato. Hakimu aliyekaa Dodoma anaweza kuthibitisha kwamba mafuta yalinunuliwa Babati saa ile, bila kuhitaji mtu wa kusimama Babati. Tatizo linalobaki ni kwamba risiti inathibitisha ununuzi, haimthibitishi aliyeketi juu ya pikipiki. Washindani wawili wanaofanana kwa mavazi wanaweza kupokezana, na kofia ngumu zinafanana. Picha ya uso na namba ya pikipiki kwenye kila kituo, ikipigwa na mhudumu au mtu mwingine asiye mshindani, hupunguza udanganyifu huo, ingawa haiuondoi wote.

Shida kubwa iko kwenye hesabu. Kilomita 1,609 ndani ya saa 24 ni wastani wa kilomita 67 kwa saa, na mtu anayesoma tarakimu hiyo huona si kitu. Lakini wastani huo unahesabu pia kila dakika aliyosimama. Tuseme mshindani anatumia saa nne kwa mafuta, chakula, choo na kulala kidogo. Zinabaki saa 20. Tuseme pia robo ya njia yake inapita kwenye makazi yenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, naye anakiheshimu. Robo hiyo ni kilomita 402 na itamchukua saa nane. Zimebaki kilomita 1,207 za kumaliza kwa saa 12, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa, mfululizo, pasipo lori la kungojea wala ng'ombe wa kupisha. Pikipiki ya sentimita za ujazo 150 ya aina inayobeba abiria Dodoma hufika mwendo huo kwa shida ikiwa mpya, na haiwezi kuudumisha kutwa bila injini kulalamika. Mwenye pikipiki kubwa anaufikia akiwa ameketi kwa raha. Kwa hiyo cheti kinachosema kuwa hakuna mshindi kimewachagua washindi wake kwa ukubwa wa injini, na wale wenye injini ndogo kimewapa njia moja tu ya kukipata, nayo ni kutolala na kutoheshimu vibao.

Kutolala ndiko kunakonitisha zaidi kuliko mwendo. Utafiti wa Dawson na Reid uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hushuka utendaji hadi kulingana na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na akifika saa 24 hulingana na mwenye asilimia 0.10, kiwango kinachozidi mipaka ya kisheria ya nchi nyingi. Mpigie hesabu mshindani aliyeamka saa kumi alfajiri ili aondoke saa kumi na mbili asubuhi. Saa 17 zake zinatimia saa tatu usiku, na mbele yake bado kuna saa tisa za safari, ambazo kwa wastani wa kilomita 67 ni kilomita 600. Sehemu yake mbaya zaidi, kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ni wakati ambao mwili wa binadamu unadai usingizi hata kama umepumzika mchana. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa pikipiki huenda mita 25 kila sekunde, hivyo anayesinzia kwa sekunde nne amekwenda mita 100 bila dereva. Kahawa na vinywaji vya kuchangamsha huahirisha usingizi kwa muda, na mirungi, ambayo kwa sheria za Tanzania ni dawa ya kulevya, haina nafasi katika mashindano yanayojiheshimu.

Mfumo huu unaweza kuokolewa kwa kupunguza madai yake. Kilomita 400 kwa siku, mchana tu, kwa siku tatu au nne, na cheti kwa kila aliyemaliza, ni jambo ambalo mwenye pikipiki ndogo analiweza. Hapo hasara yake pekee ni kwamba wanaopenda ushindani wataona halina msisimko, na kwa kweli halina.

Mfumo wa tatu: kukusanya alama

Katika mfumo huu waandaaji hutoa orodha ya mahali, kila mahali pakiwa na alama zake, na mshindani huchagua mwenyewe aende wapi kwa mpangilio gani, mradi arudi kabla ya saa ya mwisho. Iron Butt Rally ya Marekani, iliyoanza mwaka 1984, ndiyo kubwa ya aina hii: huchukua siku 11, na wanaoongoza huendesha kilomita zinazokaribia 18,000 au kuzidi. Mshindani hupiga picha akiwa na kibendera chenye namba yake mbele ya mahali palipotajwa, na anayechelewa kurudi kwenye kituo hupoteza alama au hutolewa kabisa.

Kanda ya kati ingeufanya mfumo huu uwe wa kupendeza. Michoro ya miambani ya Kolo, bwawa la Mtera, Mlima Hanang ukionekana kutoka Katesh, miamba ya Singida: kila kimoja kingefaa kuwa kituo cha alama. Jambo la kuigwa katika mashindano hayo ya Marekani ni kwamba kupumzika kuna alama. Mshindani anayesimama kwa saa kadhaa na kuthibitisha kwa risiti kwamba alisimama, hulipwa kama aliyekwenda mahali. Kanuni hiyo inageuza usingizi kutoka gharama kuwa mapato. Vilevile wameweka kikomo cha mafuta ambayo pikipiki inaruhusiwa kubeba, galoni za Marekani 11.5 ambazo ni karibu lita 43.5, ili asiyeweza kumudu matangi ya ziada asiachwe mbali, na ili watu wasizunguke na petroli nyingi kupita kiasi.

Kasoro yake ni kwamba ushindi huamuliwa mezani kabla ya safari kuanza. Mwenye kompyuta, programu ya kupanga njia na uzoefu wa kuzisoma orodha ndefu atapata njia yenye alama nyingi, na dereva hodari asiye na vifaa hivyo ataambulia zile za karibu. Pia mfumo unamwacha kila mtu na hesabu yake ya kiherehere: saa imekwenda, alama za Mtera bado zinang'aa kwenye orodha, na hakuna anayemzuia kujaribu. Kwa kuwa washindani wametawanyika pande zote, aliyeanguka kwenye kona ya Bereko anaweza kukaa muda mrefu kabla mtu hajajua kwamba amechelewa kwa sababu hiyo. Kifaa cha kufuatilia pikipiki kwa setilaiti huondoa hofu hiyo, lakini gharama yake kwa kila mshindani si ndogo.

Mfumo wa nne: muda uliopangwa kati ya vituo

Huu ndio ninaoupendekeza, na ndio unaohitaji maelezo marefu kuliko yote, maana ukiandaliwa nusunusu huwa mbaya kama ule wa kwanza.

Msingi wake ni huu: kila kipande cha njia kimepangiwa muda wake, mshindani huondoka dakika yake peke yake, na anapaswa kufika kituo kinachofuata dakika ile iliyoandikwa kwenye kadi yake. Akichelewa anapata adhabu, na akiwahi anapata adhabu pia. Mashindano ya kimataifa ya siku sita ya enduro, yaani ya ustahimilivu nje ya lami, yaliyoanza Carlisle, Uingereza, mwaka 1913, yamejengwa juu ya wazo hilo kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka ule lengo lilikuwa kupima kama pikipiki na mtu wake wanaweza kustahimili siku sita, na mpaka leo mshindani hutengeneza pikipiki yake kwa mikono yake mwenyewe ndani ya muda alionao.

Tuchukue kipande cha Dodoma hadi Manyoni, ambacho ni kilomita zipatazo 125. Robo yake ikiwa makazi ya kilomita 50 kwa saa, na sehemu iliyobaki ikiendeshwa kwa 70, dereva mtulivu atatumia saa mbili kasoro dakika mbili au tatu. Waandaaji wampe saa mbili na robo, ili lori linalokwenda polepole au kundi la mbuzi lisiwe msiba wa matokeo yake. Akiondoka saa moja kamili asubuhi, anatakiwa Manyoni saa tatu na robo. Aliyefika saa mbili na dakika 45 ana adhabu ya dakika 30, na aliyefika saa tatu na dakika 20 ana adhabu ya dakika tano. Ghafla, yule aliyekuwa akijivunia pikipiki yake kubwa hana cha kufanya na nguvu zake, na mwenye pikipiki ya sentimita za ujazo 125 yuko sawa naye. Hili ndilo nililolikusudia niliposema usalama na haki vinatoka kwenye kanuni moja: kikomo kile kile kinachozuia mbio ndicho kinachowasawazisha washindani. Mimi ningeongeza kwamba adhabu ya kuwahi iwe mara mbili ya ile ya kuchelewa, ili mtu akipata pancha asishawishike kuufukuzia muda aliopoteza na kupitiliza.

Tundu la mfumo huu linajulikana na kila aliyewahi kuushiriki. Mshindani anaweza kukimbia kilomita 100, kisha akaegesha chini ya mti mita 500 kabla ya kituo, akanywa soda akiangalia saa, na kuingia dakika yake kamili akiwa ameoga jasho la mbio ambazo kadi yake haizionyeshi. Kuliziba kunahitaji mambo mawili. La kwanza ni vituo vya siri katikati ya kipande, ambavyo mahali pake panajulikana kwa waandaaji tu na ambavyo navyo huhesabu kuwahi. La pili ni kifaa cha kurekodi mwendo kinachohifadhi kumbukumbu ndani yake hata pasipo mtandao, kisomwe jioni, na kila alipozidi kikomo cha makazi papewe adhabu kubwa kuliko faida yoyote ambayo angeipata. Dakar, yale mashindano makubwa ya masafa marefu ya jangwani, hufanya hivyo kwenye maeneo yenye kikomo cha mwendo, na hakuna mshindani mkubwa kiasi cha kusamehewa.

Mapumziko nayo yawe sehemu ya ratiba, yenye muda sawa kwa wote, pikipiki zikiwa zimefungiwa mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Pumziko la hiari ni adhabu kwa anayepumzika. Sheria za Umoja wa Ulaya kwa madereva wa malori hutaka dakika 45 za mapumziko baada ya saa nne na nusu za kuendesha. Mwendesha pikipiki aliye juani na upepo wa Dodoma ukimpiga kifuani anahitaji mapema zaidi, na ningeweka dakika 30 kila baada ya saa mbili. Usiku pikipiki zilale kwa saa zisizopungua kumi, na hakuna kipande kinachoanza kabla ya saa moja asubuhi au kuisha baada ya saa kumi na moja jioni, mifugo isije ikakutana na taa.

Kwa umbali, pembetatu ya Dodoma, Singida na Babati ina takriban kilomita 650 zote za lami. Nimesikia ikipendekezwa kama safari ya siku moja, na kwa hesabu zilizotangulia siyo. Kwa siku mbili, yaani Singida na Babati siku ya kwanza kwa kilomita 400 na kitu, na kurudi kupitia Kondoa siku ya pili, inawezekana bila kumnyanyasa mtu. Wanaotaka ugumu zaidi waongeze siku ya tatu ya kwenda Iringa na ya nne ya kurudi. Ustahimilivu hupatikana kwa kurundika siku, kiuno na viganja vikianza kudai haki yao asubuhi ya tatu, bila kuugusa usingizi wa mtu.

Lawama ya haki inayobaki ni msaada wa nje. Anayefuatwa na gari lenye fundi, matairi na maji baridi hashindani na kitu kile kile anachoshindana nacho aliyefunga begi lake nyuma kwa mpira. Dakar ina kundi la wanaoshiriki bila fundi wala gari la msaada, wakijitengenezea wenyewe kila usiku, na kwa mashindano ya kwanza ya Dodoma ningefanya hiyo iwe kanuni ya wote: vipuri vya kila mshindani visafirishwe na gari moja la waandaaji katika sanduku la ukubwa mmoja, na mikono iwe yake.

Sare pia zitatokea, kwa sababu wengi watamaliza bila adhabu. Zitenganishwe kwa majaribio ya ustadi uwanjani, kama kufunga breki ndani ya mistari na kuendesha polepole bila kushusha mguu, wala zisitenganishwe kwa kipande cha kasi barabarani.

Mfumo wa tano: njia iliyofungwa

Wapo ambao kwao mashindano bila kasi si mashindano, na kuwanyima mahali ni kuwasukuma barabarani usiku. Kwa hao jibu ni njia isiyo na mtu mwingine. Ufaransa ina Bol d'Or tangu mwaka 1922 na saa 24 za Le Mans tangu 1978, na Japani ina saa nane za Suzuka, pia tangu 1978. Bol d'Or ya mwanzo mtu mmoja aliendesha saa zote 24; siku hizi timu huwa na waendeshaji watatu wanaopokezana kwa zamu za karibu saa moja. Kwa maneno mengine, nchi zilizoanza na uchovu wa mtu mmoja ziliuacha zenyewe.

Kwa Dodoma, mashindano ya saa sita kwenye mzunguko wa udongo wa kilomita chache, kwa timu za watu watatu, yangewezekana penye ardhi ya wazi na ridhaa ya kijiji husika. Barabara ya mzunguko wa nje wa jiji, yenye kilomita 112.3, itatajwa na wengi, lakini imejengwa kuyaondoa magari makubwa katikati ya mji, na kuifunga kwa ajili ya pikipiki ni ombi ambalo sioni TANROADS, wakala wa barabara, wakilipokea kwa tabasamu.

Hatari ya mzunguko wa udongo wakati wa kiangazi ni vumbi. Washindani wakiondoka kwa mkupuo, wa nyuma hawaoni kitu, kwa hiyo waondolewe mmoja mmoja na maji yamwagwe njiani. Na kwa kuwa wa nyuma hudhulumiwa na vumbi la wa mbele, nafasi za kuanza zigeuzwe katika awamu ya pili. Gharama ni kubwa kuliko mifumo yote: wasimamizi wenye bendera kila kona, gari la wagonjwa lililoegeshwa pale pale, uzio wa kuwazuia watazamaji. Ila faida moja haipatikani kwingine, kwamba aliyeanguka anaonekana papo hapo na Hospitali ya Benjamin Mkapa au ya Rufaa ya Mkoa haiko mbali.

Achague nani nini

Kwa kikundi cha madereva wa bodaboda, ambao wanaijua pikipiki kuliko wengi wetu lakini pikipiki ndiyo ugali wa kesho, mfumo wa nne kwa siku mbili ndio pekee unaoheshimu chombo na mfuko. Kwa marafiki wachache wenye pikipiki kubwa wanaotaka kumbukumbu, cheti cha siku tatu au nne kinatosha na hakihitaji hakimu wa kusimama kila kituo. Mfumo wa alama uachiwe kikundi chenye uzoefu na fedha za vifaa vya kufuatilia. Njia iliyofungwa ni ya wenye mdhamini.

Chaguo lolote likichaguliwa, bima isomwe kabla ya kulipa kiingilio. Mikataba mingi ya bima, iwe kubwa au ndogo, huondoa ajali zilizotokea katika mashindano, na mshindani anayemgonga mtoto huko Ikungi, njiani kwenda Singida, asigundue hilo akiwa kituo cha polisi. Leseni iwe ya daraja linalolingana na pikipiki, ukaguzi wa tairi, breki, taa na mnyororo ufanyike jioni iliyotangulia ili anayekataliwa apate muda wa kurekebisha, na trafiki wa kila mkoa unaopitwa wawe na ratiba mkononi.

Kanuni moja ya Dakar ingefaa kunakiliwa neno kwa neno katika mfumo wa nne na wa tano: muda ambao mshindani ameutumia kumsaidia mwenzake aliyeumia hurudishwa kwake. Bila hiyo, anayesimama hupoteza na anayepita hushinda, na kati ya Kondoa na Babati msaada wa kwanza unaofika kwa kawaida ni pikipiki inayofuata.

Msimu ni Juni hadi Septemba. Mvua za Dodoma hunyesha kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na Katesh iliyofunikwa na maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang mwezi Desemba 2023 iko juu ya njia hiyo hiyo ya Singida kwenda Babati. Hata kiangazi, msimamizi mkuu awe na mamlaka ya kusimamisha mashindano akiwa kituo chochote, na kanuni iliyosainiwa na washindani iseme tangu mwanzo kwamba matokeo yatahesabiwa hadi kituo cha mwisho ambacho wote walikuwa wamekwishapita.